Kifuniko Alichonitengenezea Baba

Tabora, Jumatano, magharibi imeshaswaliwa.

Oktoba imetubana. Mawingu yalikuja adhuhuri, yakatutazama, yakaenda zao. Nimeoga mara mbili na bado nanuka petroli. Sijali. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Skuta imepona.

Nianze na aibu. Mimi ndiye Bibi Maendeleo niliyekabidhiwa skuta mbele ya watu nikapigiwa makofi, na kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikiisukuma kwa mikono kwenye mchanga wa njia ya Kwihara. Mjini inatoka vizuri, inaimba kabisa. Tukishapita nyumba za mwisho za Itetemia inaanza kukohoa, inalegea, inazimika. Nikiketi kando ya njia, nikafungua tangi kutazama kama petroli ipo, nikapumzika, nikapiga kiki, inawaka. Mbele kidogo inazimika tena.

Na Kwihara wanawake wananingoja. Wameruhusiwa kuacha shamba la kijiji kuanzia saa nne hadi saa sita waje kwenye kisomo. Mara mbili nimefika wakati wanajifunga kanga na kuchukua majembe warudi shambani. Bi Nyamizi, mkubwa wao kwa umri, ambaye juzijuzi ameandika jina lake bila kumtazama jirani, aliniambia wiki iliyopita, tena bila hasira: "Mwalimu, sisi kuchelewa kusoma tumeshachelewa. Usituongezee."

Sikulala vizuri siku ile.

Ofisini nako, Ndugu Afisa alinipa hadi Ijumaa hii. Skuta isipotulia, atapewa mwenzangu wa kilimo, mimi nibaki mjini kupanga mafaili. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Aliongeza kwamba huenda mashine ya namna ile inataka mikono ya kiume.

Fundi wa gereji karibu na stesheni ameshafungua kabureta mara mbili, amesugua plagi, amebadili mpira wa petroli. Mwisho alinitazama miguu akasema napiga kiki vibaya. Nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilimwamini.

Sasa baba. Baba ni fundi bati pale sokoni. Anatengeneza vibatari, ndoo, kata na taa, na hakuna mtu Tabora anayelehemu kama yeye. Habari za skuta hakuzipinga wala hakuzikubali. Nilipomwambia nitaendesha, aliendelea kula. Mama ndiye aliyejaza maneno siku hiyo.

Skuta yenyewe si mpya. Ilikuwa ya padri mmoja aliyerudi kwao, na ilipofika mikononi mwangu tangi halikuwa na kifuniko, limezibwa tambara tu. Siku ya tatu nilipita nayo dukani kwa baba. Alinusa hewa, akainuka, akainua kiti cha skuta, akapima mdomo wa tangi kwa uzi, akarudi ndani kimya. Kesho yake alinipa kifuniko cha bati, ukingo umekunjwa mara mbili, na ndani kimezungushiwa ngozi ili tone lisitoke. Kilikaa pale kana kwamba kimezaliwa na tangi lile. Alisema neno moja tu, kwamba nisiweke tena tambara karibu na moto.

Kwangu ile ndiyo ilikuwa ruhusa. Kifuniko kile nimewaonyesha watu wote, hata Ndugu Afisa.

Leo asubuhi ilizimika palepale. Nilikasirika hata sikutaka kuigusa. Nilijiambia kwamba ni joto la injini, ikipoa itawaka yenyewe. Nikaketi. Mtu wa mkaa alinipita na baiskeli yake, akanipa pole, akapotea mbele. Injini ikapoa hadi naweza kuishika kwa kiganja. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena hadi kisigino kikaniuma.

Ndipo nikainua kiti nitazame petroli, kama nifanyavyo siku zote. Nilipokivuta kifuniko, kilikataa kwanza, kisha hewa ikaingia ndani ya tangi kwa sauti, fyuu, kama mtu aliyeibuka majini.

Nikapiga kiki moja tu. Ikawaka.

Nilisimama njiani na kifuniko mkononi. Mtoto aliyekulia kwenye duka la bati anajua kwamba debe la mafuta likitobolewa tundu moja linagugumia na kugoma. Unatoboa la pili, hewa iingie, ndipo mafuta yashuke. Mimi mwenyewe nimetoboa tundu la pili mara ngapi? Na zile siku za mwanzo, ilipokuwa na lile tambara bovu, skuta haikuwahi kuzimika hata siku moja. Kwa nini sikuliona hilo? Kwa sababu nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye mkono wa baba.

Nilikiweka kifuniko kimeegama upande, nikaondoka. Petroli ilinirukia sketi njia nzima, lakini haikuzimika tena. Nilifika Kwihara kabla ya saa nne, wanawake ndio kwanza wanatoka shambani. Bi Nyamizi aliitazama skuta, akanitazama mimi, akaenda kufuta ubao. Tulisoma kwa muda wa saa mbili kamili.

Wakati wa kurudi ndipo moyo ulipokuwa mzito. Nilikuwa nimeokota msumari uani kwa mwenyekiti wa kijiji, nikautia mkobani. Ningeweza kutoboa kifuniko kimyakimya, baba asijue kamwe. Nilisimama kabisa Itetemia, nikautoa msumari, nikauweka juu ya bati.

Nikashindwa.

Baba ndoo yake ikirudishwa inavuja, habishani na mteja. Husema kazi mbaya irudi kwa mwenyewe. Kumficha kungekuwa kumfanya fundi mdogo kuliko alivyo. Lakini niliogopa. Niliogopa kwamba nikiirudisha kazi yake, nitakuwa nimeirudisha na ile ruhusa.

Nilimkuta na mafundi wenzake wawili, na mama mmoja anasubiri taa yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Baba, skuta inazimika kwa sababu ya kifuniko," nikasema. "Kinabana mno. Petroli haipati hewa."

Baba aliweka taa chini, akaniuliza nimejuaje. Nikamweleza yote, tangu tambara hadi ile fyuu. Alikichukua kifuniko, akafuta petroli, akakibana mdomoni na kujaribu kuvuta pumzi. Hakuna kilichopita. Alikigeuza, akakikagua ndani na nje.

Kisha akamwambia yule mama amsamehe, taa yake ingoje kidogo, kuna kazi imerudi.

Alikiweka kifuniko juu ya chuma chake cha kufulia bati, akachagua msumari mwembamba kuliko yote, akaninyooshea pamoja na nyundo.

"Toboa wewe," akasema. "Kosa umeliona wewe."

Pigo moja lilitosha. Naye akalehemu juu ya tundu kipaa kidogo cha bati, wazi upande mmoja, ili vumbi lisiingie na petroli isinirukie. Akiwa ameinama hivyo, aliwaambia wenzake kwamba miaka yote anatoboa madebe ya watu, kumbe la binti yake ameliziba. Walicheka, yeye akacheka zaidi yao. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza, wanafunzi wangu ni wangapi, na wanasoma nini.

Alipommalizia yule mama taa yake, alivua aproni akasema twende tuijaribu. Baba yangu akapanda nyuma yangu, kofia ameishika mkononi isipeperuke, tukapita katikati ya soko. Watu walitazama. Nilikaa wima kama mnara. Tulipofika nyumba za mwisho za Itetemia, nilipunguza mwendo, nikingoja kile kikohozi nilichokizoea.

Hakikuja.

"Endelea," akasema baba begani kwangu.

Tukaendelea hadi alipotosheka kuendeshwa, na hakutosheka upesi.

Ijumaa Ndugu Afisa ataiona ikiwaka na kuzimwa kwa amri yangu, habari ya mafaili itakwisha. Hilo silihofii tena. Ninachowaza usiku huu unapoingia ni kile kipaa, jinsi risasi ya kulehemia ilivyotiririka na kukaa pale alipotaka yeye. Nimekaa ndani ya duka lile tangu natambaa, na sikuwahi kuuliza, kwa kuwa ni kazi ya wanaume.

Kesho, kabla sijaenda ofisini, nitamwomba anifundishe kulehemu. Nadhani atakubali. Asipokubali, nitamwomba tena keshokutwa.