Friwili Iliyonyamazishwa

Uko wapi?

Nusura nimuue shemeji. Mume wa dada!

Alijilaza chini kati ya makreti mawili ili nimruke na baiskeli, dada anarekodi. Nami nikaanza kujigamba: "Sikilizeni, friwili yangu ya gurudumu la nyuma kimya kabisa, nimeishindilia grisi. Siyo ile ya rafiki yangu, inalia kama cherehani."

Kama cherehani! Nimekusema wewe hivyo mbele za watu!

Nikiwa juu ya kreti la kwanza nikakanyaga pedeli kwa nguvu zote. Ikazunguka bure bila kusukuma gurudumu. Bure kabisa! Tairi la mbele likatua karibu na sikio lake. Sikio, we!

Dada kashusha simu, kamkimbilia mumewe. Bora angenitukana.

Sasa hivi nimeifungua friwili. Vijino vyote vya kushikia gurudumu vizima, springi zote nzima. Ni grisi yangu nzito iliyovigandisha vikashindwa kushika. Uliniambia oili nyepesi tu, nikakuona mshamba.

Shemeji kajipangusa vumbi, anasema atalala tena hata kesho.

Ila aruke yule wa cherehani.