Hesabu za Mlangoni

Mwanangu Zuhura,

Usiichane kwanza. Barua tatu nilizokutumia zimerudi, gundi ikiwa vilevile nilivyoilamba. Hii nimeiacha wazi, bila bahasha, na nimempa shangazi yako mkononi. Nimemwambia ukikataa kuisoma akusomee kwa sauti, hata kama kuna wageni sebuleni. Aibu ni yangu, na ijulikane tu, maana sina tena cha kuficha.

Unazikumbuka asubuhi zetu za maandazi hapa Ihumwa? Serikali ilikuwa imeruhusu watumishi wafanye biashara, na kila mwalimu alikuwa na kabiashara kake, huyu barafu, yule mitumba. Baba yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, tumebaki wawili. Mimi nasukuma, wewe unakata, umevaa lile sweta la kijani la mtumba, unga umekufika mpaka kwenye nyusi. Mafuta yakianza kuchemka nakutupia hesabu. Sita mara tisa? Nane mara nane? Ulikuwa unajibu bila kuinua macho, tena kwa kejeli: "Mama, uliza ngumu basi, hizi za watoto!" Tulikuwa tunacheka mpaka maandazi yanaungua.

Kisha tunabeba ndoo, tunatoka. Tukishavuka reli, unaachia mkono wangu na kuanza kuniita Mwalimu. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Nilikwambia shuleni hakuna mama, na wewe ulikubali.

Na mlango ule unaujua. Baada ya mchakamchaka na paredi, darasa zima linapanga mstari nje, mwalimu anasimama mlangoni na fimbo, kila mtoto anapewa hesabu moja ya kichwa. Ukipata, unaingia ukakae. Ukikosa, unasogea pembeni kungoja viboko vyako. Ndivyo tulivyosomeshwa sisi, ndivyo tulivyosomesha. Wallahi sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini mtoto aingie darasani kwa kuogopa.

Ulipofika darasa la nne ukaangukia mikononi mwangu. Wiki ya kwanza tu nikawasikia kina mama bombani: "Mtoto wa mwalimu nani atamgusa? Yule anabebwa." Hawakuniona. Lile neno lilinichoma, Zuhura. Mimi mjane, sina kitu, nilikuwa na heshima ya kazi yangu tu, na leo waseme napendelea? Nikaapa. Wenzako wakikosa watachapwa mbili, wewe utachapwa nne, ili kijiji kizima kione.

Siku ile ulikuwa wa saba au wa nane kwenye mstari. Nikakuuliza, saba mara nane. Ukanitazama. Midomo ikachezacheza, sauti haikutoka. Nikauliza tena, kwa ukali zaidi, fimbo nimeiinua. Ukaanza kutetemeka magoti. Nikasema, "Pembeni!" Nikakuchapa nne. Jioni yake nilipita bombani nimeinua kichwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kukwambia. Saba mara nane nilikuuliza kwa makusudi. Alfajiri ile ile, kwenye karai, ulikuwa umeijibu kabla sijamaliza kuitamka. Nilikupa ile kwa sababu nilikuwa na hakika nayo, nilitaka upite salama, nisikuguse. Kumbe nilikuwa na huruma, lakini nilikuwa nimeishika fimbo. Na ulipokwama, badala ya kushangaa, nilikasirika. Nilidhani unanitia aibu kusudi.

Baada ya hapo ulikwama kila asubuhi. Nyumbani hesabu zote unazo, mlangoni huna hata moja. Nikakuita mkaidi. Nikakuita mvivu. Na mimi, mwalimu wa miaka yote hiyo, sikuona kilichokuwa mbele ya pua yangu! Mtihani wa darasa la saba msimamizi alikuja kuniambia ulikaa na kalamu mkononi mpaka muda ukaisha, karatasi nyeupe. Nilipokupeleka Zuzu ukakae kwa shangazi yako, ulishuka na mfuko wako, ukageuka, ukasema, "Kwaheri, Mwalimu." Huko hatukuwa shuleni.

Miaka minne imepita tangu siku hiyo.

Mwezi wa pili mwaka huu tuliitwa semina pale mjini. Nilikwenda ili nipumzike kufundisha, nikwambie ukweli. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, mpole, akachora kichwa cha mtoto ubaoni. Akasema ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kulinda. Ikihisi hatari, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mwili unajiandaa kukimbia au kuganda. Wakati huo ile sehemu ya mbele, ya kufikiri na kukumbuka, haipati nafasi. "Mtoto hajasahau," akasema. "Anachokijua kipo. Hofu imekaa njiani, hawezi kukifikia. Mtoto anayejiona salama ndiye anayefundishika."

Mwalimu mmoja kutoka Chemba akainuka: "Mama, sisi tulichapwa, na mbona tumesoma?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Yule mama akamjibu polepole, "Na wale mliokuwa mnakaa nao dawati moja, ambao leo hawapo hapa, umewahi kuwauliza?" Mimi nikatoka nikaenda chooni, nikalia mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza nimepatwa na nini. Ningemjibu nini? Ningesema nimemkuta mwanangu ubaoni?

Niliporudi darasani, nikainua mkono niandike tarehe huku bado nawatazama. Watoto wa dawati la mbele wakainama, wote watatu, wakafunika vichwa. Nilikuwa nimeshika chaki! Kumbe ndivyo walivyokuwa wanafanya siku zote, ila mimi nilikuwa nautazama ubao.

Fimbo nimeivunja, nikawashia moto wa chai ofisini, wenzangu wakiangalia. Sasa nasimama mlangoni namsalimia kila mmoja kwa jina lake, anaingia, anakaa, anatulia. Hesabu tunafanya ndani, wawiliwawili, anayekosa tunamuuliza amefikaje hapo, na tunarudi naye taratibu. Mwalimu mkuu ananitania, "Siku hizi umekuwa bibi yao." Na aseme. Kuna binti mmoja wa Kigogo, Nyemo, Kiswahili chake bado ni cha kubabaisha, tangu Januari hakuwa amefungua mdomo. Juzi alinyoosha kidole. Alikosa, lakini alinyoosha, na sauti ilitoka. Nilitamani uwepo umwone. Nilitamani zaidi uwe wewe.

Nikawa nimeanza kujidanganya kwamba nimetubu, basi yamekwisha. Ndipo Jumapili iliyopita shangazi yako akaja hapa kwenye arusi ya jirani, na bado yupo kwangu. Tumekaa jamvini tunakula pilau, akaniambia kwa furaha, "Wifi, mwanao kapata kazi! Anafundisha chekechea pale kwetu. Na mkali, wee! Anawapanga mstari mlangoni, asiyejibu haingii. Watoto wanamwogopa, wakimsikia tu wanajificha. Maji hufuata mkondo!" Wanawake wakapiga vigelegele. Walikuwa wananisifu mimi, Zuhura. Nililirudisha tonge sahanini, nikaomba maji, nikasema ni pilipili.

Mwanangu, tafadhali. Nakupigia magoti kana kwamba uko mbele yangu. Nichukie mimi. Usinisalimie, usije nikiugua, nikifa usije kunizika, ni haki yako, sitakulaumu hata kidogo. Lakini hao watoto ni wa miaka mitano. Mmoja wao yuko kwenye huo mstari sasa hivi, magoti yanatetemeka, midomo inachezacheza, na jibu analo. Wewe kuliko mtu yeyote unajua linavyokaa pale kooni. Unawezaje, Zuhura? Kisha najijibu mwenyewe, anaweza kwa sababu alifundishwa na mimi. Mengine yote niliyokufundisha umeyaacha, hili ndilo umelibeba. Siwezi kula, na siwezi kuswali bila kukatiza katikati, maana kila nikifumba macho nauona mlango wako.

Sikuandikii kukukaripia, sina mdomo huo. Naogopa tu kwamba nimechelewa, kwamba mkono wako umeshazoea uzito wa fimbo kama wangu ulivyozoea. Ukishazoea hauoni tena anayeinama.

Kwa hiyo Jumatatu ijayo nimeomba ruhusa. Nitapanda gari la kwanza mpaka mjini, kisha la Zuzu, na nitafika kabla hujapiga kengele. Nitasimama kwenye mstari wako, nyuma ya mtoto wa mwisho. Wapishe wao waingie bila kuulizwa chochote, nakuomba hilo tu. Mimi uniulize. Niulize kwa nini nilikuchapa. Sitakuwa na jibu, nitatetemeka mbele yako na mbele yao, na kama bado unayo fimbo mkononi, nitasogea pembeni mwenyewe. Ukiniambia niingie, nitaingia. Usiponiambia, nitabaki hapo nje juani mpaka muda wa kutoka, na Jumanne nitarudi.

Saba mara nane ni hamsini na sita. Ulikuwa unajua.

Ni mimi mama yako,
niliyejua kwamba unajua.