Fizi Zimepunguzwa, Bibi

Mbeya

Kamwene Bibi, mke mwenzangu,

Daktari amezikata fizi zangu, zile ulizosema zinafika mlangoni kabla yangu. Amezipaka dawa nzito kama ugali, akanikataza kucheka mpaka zipone. Kutocheka si kazi, huku nani wa kunitania? Mvua haikatiki, nami nakunywa uji uliopoa peke yangu. Asubuhi mama mmoja Mnyakyusa wa kitanda cha pili alinisalimu, nikafunika mdomo kwa kanga kama nilivyozoea. Akaniuliza, "Mwanangu, unaficha nini?" Nikaishusha kanga.

Msalimie sana mume wetu. Na wewe, Bibi, kabla sijarudi Iringa, nitafutie kasoro nyingine ya kunitania.

Mjukuu wako,
Maria