Bandi Katika Mkanda wa Binti Yako

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Mafundi.
Jumatatu, 11 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na hilo umelizoea. Binti yako ni mzima pia. Nimelitanguliza hilo makusudi, ili uyasome yanayofuata ukiwa umetulia.

Unajua kwamba siku hizi anapiga picha za mashindano ya mashua za matanga akiwa angani, ndani ya helikopta. Sikuwahi kukueleza jinsi anavyokaa humo, maana ungekosa usingizi kama mimi. Mlango huondolewa. Yeye huketi sakafuni, miguu ikining'inia nje, kamera mikononi. Kinachomzuia asidondoke baharini ni mkanda wa kiunoni, uliofungwa sakafuni kwa kamba.

Mkanda huo binti yako aliachiwa na mpiga picha aliyestaafu, bwana mwenye tumbo la heshima. Ulimpwaya. Ijumaa jioni aliniletea niupunguze. Nilimpima, nikapiga bandi kwa uzi mweusi wa pamba, ule wa kushikizia tu, nikakusudia kuushona kwa mashine asubuhi kwa uzi wa nailoni.

Kwangu kazi isiyokwisha hulala wazi mezani. Iliyokwisha hukunjwa na kufungwa bizimu. Wateja wote wanalijua hilo, na binti yako amekulia humo. Jioni ile, kwa kupenda unadhifu tu, niliukunja mkanda, nikaufunga bizimu. Alfajiri nilipoingia chumba cha kushonea nilikuta uzi wa nailoni haujafunguliwa, na mkanda haupo; binti yako alikuwa ameondoka nao. Upepo ulikuwa umezidi, na waandaaji walikuwa wameamua kuzianza mbio mapema.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilifika uwanja wa ndege nikiwa na kandambili miguuni, moja yangu na moja yake. Fundi wa ndege, mama wa maneno machache, alinitazama miguu, akanitazama uso, akanipisha kwenye redio bila swali. Rubani, ambaye wenzake humwita Bwana Taratibu, alisema kutoka angani kwamba mawimbi yanapanda kama nyumba, mashua mbili zimevunjika milingoti, naye ameilaza ndege upande wa mlango ili binti yako aone vizuri.

“Mwingize ndani!” nilisema. “Mkanda una bandi tu!”

Nikasikia sauti ya binti yako katikati ya upepo: “Acha utani, Mjomba! Si nimeukuta umekunjwa? Dakika moja tu, hii mashua ya kwanza imelala ubavu!”

“Sikuumaliza, mwanangu. Nilikosea kuukunja. Vuta miguu.”

Redio ikakoroma, kisha ikanyamaza. Mdogo wangu, nimewazika baba na mama yetu, lakini ukimya wa namna ile sikuwa naujua. Yule mama aliniwekea mkono begani, hakuuondoa. Nami nilikuwa nimekwisha kuanza kukutungia barua kichwani, barua nyingine, siyo hii.

Hatimaye Bwana Taratibu akasema, “Yuko ndani, nyuma ya kiti changu. Analia kwa hasira.”

Walipotua alinigombeza mbele za watu kwa picha niliyomkosesha. Fundi wa ndege alishika upande mmoja wa mkanda, mimi upande wa pili, tukavuta. Uzi ulikatika bila hata kelele. Binti yako akaketi chini pale pale.

Mashindano mengine ni mwishoni mwa mwezi ujao, naye anakwenda. Nilimsihi anunue mkanda mpya. Akasema, “Huo mwingine nitajuaje umeshonwa na nani? Nishonee wewe, Mjomba.” Ameniwekea uzi wa nailoni kwenye mashine. Nikiketi, mguu unakataa kukanyaga.

Wewe ndiwe mama yake. Niandikie neno moja: nishone, au nisishone.

Nisalimie shemeji, mapacha, na wifi yako mkubwa. Mungu awalinde nyote, na zaidi yule asiyetaka kulindwa.

Mpaka jibu lako lifike, mkanda uko mezani. Nimeuacha wazi.

Mimi kaka yako, nikupendaye tangu ukiwa wa kubebwa,

Fundi.