Beringi ya Kushoto na Posa ya Munje

Mwabungo, Kwale
Jumanne, 8 Julai 2025

Mpendwa dada Ummi,

Shikamoo, na assalaam alaykum kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Shemeji Ramadhani hajambo? Na watoto, hilo joto la Maskati wameshalizoea? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yamsumbua kidogo, lakini ulimi ni mzima kabisa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, nikifika patamu, wewe hucheka mpaka mtandao ukatike. Jirani yetu asafiri kesho, atakuletea barua hii pamoja na achari.

Lile gari la marehemu baba bado laenda, usilicheke. Ila tangu mwezi wa Ramadhani lilishikwa na mvumo upande wa mbele, kama mtu aliyenuna. Likishika lami, ndio lazidi. Kila tukienda Munje watu wajua tunakuja kabla hawajatuona.

Na Munje tumekwenda sana, maana mdogo wetu Swabir amempenda binti wa huko, jina lake Mapenzi. Binti ametulia, tatizo ni mamake. Yeye alikuwa na mkwe aliyemchagua mwenyewe, bwana mmoja wa Galu, mkubwa wa hoteli, ana gari jipya la kung'aa. Mwisho mama huyo akatuambia, kama tuna nia twende Jumapili na watu wetu, la sivyo atampa jibu huyo wa Galu. Na wewe wajua kwetu posa haisemwi ila na shangazi, na shangazi tuliyebakishiwa ni mmoja tu, Shangazi Mwanapili. Pasipo yeye, Swabir hana mke.

Sasa sikia alilolifanya kaka yetu Kibwana. Jumatatu ya wiki iliyopita alimchukua Shangazi kumpeleka sokoni Ukunda. Shangazi akakaa mbele kushoto kama ada, kwa heshima yake na kwa upana wake. Gari likavuma. Kibwana alikuwa ameshachunguza kimyakimya kwamba Shangazi akikaa pale mvumo wapanda, na akishuka wapungua. Badala ya kwenda kwa fundi, akamwambia kwa adabu zote, "Shangazi, hebu leo kaa nyuma kulia, gari lipumzike."

Mungu alimpa Kibwana mikono, ulimi akamwachia ajitafutie mwenyewe. Shangazi alimwamuru asimamishe, akashuka palepale njiani. "Mimi niliyewabeba mgongoni nyote, leo nimekuwa gunia la chumvi?" Akapanda bodaboda akarudi kwake. Jioni akatuletea salamu kwamba gari lile haliingii tena maishani mwake, na posa likaiseme hilo gari.

Swabir hakula siku ile. Alikaa barazani akitazama mchanga, na mimi kwa kweli nilimwonea huruma.

Kesho yake nikamfukuza Kibwana aende Ukunda kwa Justus, yule fundi Mkamba. Justus akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Akasema beringi, ile pete ya gololi inayozungushia gurudumu, imekwisha. Kisha, kwa kuwa ajua hali zetu, akamwonyesha njia nafuu: asinunue ya kuokota kwenye vyuma vikuukuu, anunue mpya, lakini beringi peke yake, si habu nzima yenye beringi ndani yake. Kile chuma kinachobeba gurudumu akifungue mwenyewe nyumbani, apeleke kwenye mashine ya kushindilia beringi. Hapo atalipia kazi ya mashine tu.

Katika maneno yote hayo, Kibwana alisikia moja, nyumbani. Akanunua beringi, akaketi uani, akaanza kuipigilia kwa nyundo. Jirani wakaja kuuliza kama twabomoa jiko. Alipomaliza, akaizungusha kwa mkono, na ile mpya ikakwaruza kuliko ya kale, hata gari halijaona barabara. Justus alipoletewa aliitazama, akavua kofia kama yuko msibani. Basi ikanunuliwa ya pili, ikapelekwa kwenye mashine kama alivyosema tangu awali. Unafuu huo tuliununua mara mbili, lakini gari likanyamaza.

Akabaki Shangazi. Jumamosi tukaenda kumtaka radhi, na mambo hayo hayaendewi mikono mitupu. Mama alibeba halua, mimi doti ya leso, Kibwana kavaa kanzu ya Idi. Nyuma yetu Justus na ovaroli lake la mafuta, shahidi wetu, amebeba ile beringi ya kale tuliyomfungia kwenye kitambaa cheupe.

Shangazi alitupa mgongo. Justus akaifungua ile beringi mbele yake. "Mama, hii kitu ilikuwa imekufa kitambo. Hata ingekaliwa na paka ingelia."

Shangazi akaichukua, akaizungusha karibu na sikio. Ikanguruma. Akaizungusha tena, polepole, kisha akamgeukia Kibwana. "Na sasa hivi nani ameikalia?"

Mimi nilicheka mpaka Mama akanifinya. Shangazi akaipokea halua, akaniuliza kama leso ile nimeichagua mimi au Kibwana. Nikajua amesamehe.

Jumapili baada ya Alasiri tukaondoka, Shangazi mbele kushoto. Gari kimya. Njia nzima alikariri maneno ya posa, na kwa mara ya kwanza tulimsikia yote.

Kumbe mama wa Mapenzi naye alikuwa ategemea ule mvumo. Alijua atausikia mbali, apate kuvaa na kumnyamazisha bintiye. Kibwana akasimamisha gari kando ya ua wa jikoni, na kabla hatujafungua mlango tukasikia sauti ya binti kutoka ndani. "Mama, kama gari la huyo wa Galu lakupendeza, olewa nalo wewe. Mimi namtaka Swabir, hata akija kwa miguu."

Swabir alijifunika uso kwa kofia. Mara mama mtu akatokea na leso kifuani na unga mikononi, akatuona sote. "Jamani, mbona mmekuja kimya hivyo?"

Shangazi alishuka taratibu, akalinyoosha buibui lake. Yale maneno yote ya njiani hakulitumia hata moja. "Mwenzangu, tulikuja kuuliza," akasema, "lakini naona tumeshajibiwa. Tupe maji ya kunywa, tupange siku."

Yule mama alicheka mpaka unga ukamwagika, akampa mkono. Harusi ni Mfunguo Saba, mwezi unaofuata Maulidi, inshallah. Dada, nililia pale uani bila haya. Nilitamani baba angalikuwepo amwone Swabir, maana alikunywa maji yale ya wageni, gilasi yake na ya Kibwana na yangu.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto mmoja mmoja. Mama, Kibwana na Shangazi wakusalimu sana. Mola awalinde katika ugeni na awafikishe nyumbani salama siku ya harusi. Usipokuja, Shangazi asema atakufuata.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,
Maimuna