Kidole Bila Wino

Shangazi yangu, wa Mombasa na wa Thamesmead huku ughaibuni pia,

Leo nimecheka peke yangu ndani ya basi hadi jirani yangu akahama kiti. Tangu tukuzike sijacheka hivyo. Nilikuwa nakumbuka kidole chako.

Siku ile ya uchaguzi ulitoka zamu ya kutunza wazee, ukavaa buibui jipya, ukanivuta mkono twende tukapige kura. Mzungu mzee aliyetutangulia alionyesha kadi yake ya basi ya wazee, yenye picha, akapita. Wewe ulipotoa pasipoti ya Kenya, karani aliirudisha bila hata kuifungua, akasema wageni hawapigi kura hapa. Nilipandwa na hasira, nikataka turudi nyumbani.

"Siendi popote," uliniambia. "Sisi ni Commonwealth, jumuiya ya nchi walizozitawala Waingereza hawa. Sheria yao yenyewe imenitaja."

Ukaomba msimamizi aitwe. Akaja, akasoma mwongozo, akatahayari, akakupa karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Sheria haikumfanya karani yule akupende, Shangazi. Ilimnyima tu ruhusa ya kukufukuza, na siku ile hiyo ilitutosha kabisa.

Ukatumbukiza kura. Kisha, wee Shangazi, ukamnyooshea karani yuleyule kidole kidogo, ukingoja wino kama kwetu! Maskini akadhani unamsalimia, akakishika, akakitikisa. Njiani ulinung'unika, "Sasa watu wa nyumbani wataamini vipi kama nimepiga?" Ukakipaka wino wa bairo yangu, ukakipiga picha, ukawatumia.

Leo ni uchaguzi tena, na karani nyuma ya meza nilikuwa mimi, ukumbi uleule. Akaingia nesi kijana kutoka Kisumu, pasipoti kaibana kifuani, macho mlangoni, tayari kufukuzwa. Karani mwenzangu akaninong'oneza, "Is that one okay?" yaani, huyo naye anaruhusiwa?

"Perfectly okay," nikamjibu kwa sauti ya ukumbi mzima. Kisha nikamgeukia mgeni wetu. "Karibu, dada. Hii ni haki yako."

Akapiga. Alipokuwa anatoka akasita, akaninyooshea kidole kidogo. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikafungua kalamu, nikampaka, naye akatoka amekiinua juu kama kikombe cha ubingwa.

Tumeshinda, Shangazi. Na kidole changu nimekipaka wino, kwa niaba yako. Nimeosha vyombo vya jioni kwa mkono mmoja ili kisifutike.

Pumzika, mpiga kura wangu.

Mtoto wa kaka yako