Nimemwaga Mvinyo wa Marehemu

Mahfudha, alfajiri nilisikia mfuniko wa birika ukigongagonga jikoni. Laiti ningelifuata birika lile!

Ndiyo kwanza nimefika nyumbani Al Khoudh, hata baibui sijavua.

Unajua mjukuu wangu Malak alinipeleka Jojia wikendi, kwenye milima ya mizabibu. Baridi, shoga! Tulilala kwa bibi mmoja mjane, Manana.

Alfajiri hiyo mferejini maji yameganda. Gizani nikaona mtungi, nikatawadhia. Nimefika kusukutua, astaghfirullah, mvinyo! Mvinyo kinywani mwangu, Mahfudha! Mtungi ukaniponyoka, wote chini.

Malak akaja mbio. "Bibi, huo ndio wa mwisho aliotengeneza mumewe Manana. Kauweka wa kumkumbuka, leo anatimiza mwaka tangu afariki."

Nikalia. Manana hata hakunikaripia. Akaleta lile birika, kumbe aliniwekea mimi, jana aliniona natawadhia maji ya barafu. Akanimiminia maji ya uvuguvugu, akanivua na soksi, nikawahi sala.

Lakini roho inaniuma. Mvinyo wa mumewe, wote chini!

Tunaondoka kanishika mikono, Malak akatafsiri: "Mwakani siku kama hii uje tena. Maji nitakuwekea mlangoni."